Mjumbe Hauawi: Viwango vya Homoni katika Damu Baada ya Kiharusi na Wajibu wa Kiswahili katika Ufuo wa Ziwa Viktoria

Ikisiri

Makala haya yanaeleza mabadiliko ya homoni yanayotokea katika damu ya mtu aliyepatwa na kiharusi, na namna mabadiliko hayo yanavyopaswa kusomwa na kuelezwa kwa Kiswahili. Mifano mingi imetolewa Kisumu na maeneo ya Kenya yanayopakana na Ziwa Viktoria. Hoja kuu ni kwamba homoni iliyopanda au kushuka baada ya kiharusi aghalabu ni mjumbe anayeleta habari za ubongo uliojeruhiwa, wala si adui aliyeujeruhi. Aidha, makala yanadai kwamba jamaa za mgonjwa hawawezi kuupokea ujumbe huo ikiwa lugha yao haina maneno ya kuubeba.

1.0 Utangulizi

Makala haya yana chanzo chake kando ya kitanda cha mgonjwa. Mjomba wangu, mchuuzi wa samaki katika ufuo wa Dunga karibu na mji wa Kisumu, aliamka alfajiri moja akapata mkono na mguu wa upande wa kulia havimtii, na ulimi umekuwa mzito. Siku ya pili wodini, daktari alitusomea majibu ya maabara. Sukari ilikuwa juu ingawa mgonjwa hakuwahi kuwa na kisukari. Sodiamu, ile chumvi ya damu, ilikuwa imeanza kushuka. Akaongeza kwamba homoni kadhaa za mwili zilikuwa zimepanda. Alisema hayo kwa Kiingereza, kisha akaniomba niwafasirie jamaa.

Mke wa mjomba ni mzaliwa wa Kakamega, na lugha ya nyumba yao ni Kiswahili. Alinigeukia akaniita kwa jina ambalo Waluo humwita mwana wa dada. "Okewa," akasema, "wewe ndiwe msomi wa Kiswahili. Hizo homoni ndizo zilizompiga?"

Sikuwa na jibu. Neno "homoni" nililijua kwa maana ya kulitamka tu. Kufikia jioni, jamaa mmoja alikuwa ameamua kwamba mjomba ana kisukari cha siku nyingi alichokificha. Mjomba alipoanza kuweweseka usiku, jamaa mwingine akashauri aondolewe hospitalini na kupelekwa kwa mtu wa kumwondolea mapepo. Shauri hilo lilikaribia kukubaliwa.

Swali la mke wa mjomba ndilo linaloongoza makala haya. Je, homoni zinazoonekana katika damu baada ya kiharusi ndizo zilizoleta kiharusi, au zinasema nini?

2.0 Dhana za Msingi

2.1 Kiharusi

Kiharusi ni tukio la ghafla ambapo sehemu ya ubongo hukosa damu. Kuna aina kuu mbili. Katika aina ya kwanza, mshipa wa damu huzibwa, mara nyingi na donge la damu. Katika aina ya pili, mshipa hupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo au juu yake. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote. Kwa sababu hiyo, seli zake huanza kufa dakika chache baada ya kunyimwa damu.

Ni muhimu kutofautisha "kiharusi" na "kupooza". Kiharusi ni tukio. Kupooza ni moja tu kati ya matokeo yake. Mtu anaweza kupooza kwa sababu ya polio au jeraha la uti wa mgongo bila kuwa na kiharusi. Vilevile anaweza kupatwa na kiharusi kilichomwibia maneno au nusu ya uwezo wa kuona, na viungo vyake visipooze. Anayelitumia neno "kupooza" kwa yote mawili hutazama mkono na mguu na kusahau kwamba jeraha liko kichwani. Hapo ndipo homoni zinapoanza kuonekana kama jambo lisilohusika.

2.2 Homoni

Neno hili lina umri wa zaidi ya karne moja tu. Mwaka 1902, William Bayliss na Ernest Starling walionyesha jijini London kwamba utumbo hutoa kemikali inayosafiri katika damu hadi kongosho na kuliamuru litoe maji ya kumeng'enya chakula. Mwaka 1905, Starling aliziita kemikali za namna hiyo kwa jina alilolitoa katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea au kusukuma. Kiswahili kililipokea jina hilo kwa kulitohoa: homoni.

Kwa ufupi, homoni ni ujumbe. Hutolewa na tezi au kiungo fulani, husafirishwa na damu, na hupokewa na seli zenye mlango wa kuupokea. Juu ya mfumo huu kuna sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo huiamuru tezi ya pituitari iliyo chini yake, yenye ukubwa wa punje ya njegere. Pituitari nayo hutuma amri kwa tezi nyingine: thairoidi iliyo shingoni, adrenali zinazokaa juu ya figo kama kofia, na tezi za uzazi. Kwa hiyo, ubongo unapojeruhiwa, anayejeruhiwa ndiye mtoa amri. Si ajabu kwamba habari zitasikika katika mwili mzima.

3.0 Ufuo wa Ziwa Kabla ya Kiharusi

Kabla ya kueleza yanayotokea baada ya kiharusi, yafaa tutazame damu ya watu wa ufuo huu kabla yake, kwa kuwa chanzo kikuu cha kiharusi ni shinikizo la damu. Hapa eneo letu lina nafasi ya pekee katika historia ya utafiti. Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Waluo vijana, wenye umri wa kati ya miaka 15 na 34, waliohama kutoka vijiji vya kaskazini mwa ziwa kwenda kuishi Nairobi. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki vijijini, ambako shinikizo la damu lilikuwa la chini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba shinikizo la wahamiaji lilikuwa juu kuliko la waliobaki, na tofauti hiyo ilianza kuonekana mapema baada ya kuhamia mjini. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi, dalili ya mlo uliobadilika.

Utafiti huo hauthibitishi kwamba homoni ndizo zilizopandisha shinikizo. Hata hivyo, unatukumbusha jambo ambalo jamaa hulisahau: damu ya mgonjwa ina historia. Sodiamu na shinikizo hudhibitiwa kwa pamoja na figo na homoni za adrenali, hasa aldosteroni, ambayo huziamuru figo zihifadhi sodiamu. Mtu hafiki hospitalini akiwa ukurasa mtupu. Kisumu ya leo, yenye chumvi ya dukani, usafiri wa bodaboda na kazi ya kuketi, haiko mbali na Nairobi ya wahamiaji wale.

Ufuo huu una sababu nyingine za kiharusi pia. Ugonjwa wa selimundu umeenea katika bonde la Ziwa Viktoria, na huweza kuleta kiharusi hata kwa mtoto. Virusi vya UKIMWI navyo huongeza uwezekano wa kiharusi. Tutarejelea selimundu hapa chini, kwa kuwa hubadilisha namna ya kusoma baadhi ya vipimo.

4.0 Yanayotokea Katika Damu Baada ya Kiharusi

4.1 Kotisoli na adrenalini

Kiharusi kinapotokea, mwili hupiga mbiu ya mgambo. Adrenali humwaga adrenalini, ambayo pamoja na noradrenalini huongeza mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hupata mdundo wa moyo usio wa kawaida katika siku za kwanza, hata kama moyo wao ulikuwa mzima.

Katika saa hizo hizo kotisoli hupanda. Kwa mtu mzima wa afya, homoni hii hufuata saa: huwa juu mnamo saa mbili asubuhi na chini kabisa karibu na saa sita usiku. Baada ya kiharusi kikubwa, mdundo huo hupotea, na kotisoli hubaki juu mchana na usiku. Tafiti nyingi zimeona kwamba kadiri kotisoli inavyokuwa juu, ndivyo jeraha linavyoelekea kuwa kubwa na matarajio ya kupona kuwa madogo. Kuchanganyikiwa katika siku za kwanza pia huandamana na kotisoli nyingi.

4.2 Sukari isiyo kisukari

Kotisoli, adrenalini na glukagoni hufanya kazi kinyume na insulini. Huliamuru ini liachilie sukari ili mwili uwe na nguvu ya kukabiliana na hatari. Kwa hiyo sukari inaweza kupanda kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kisukari, na kushuka tena baada ya siku kadhaa.

Madaktari hutofautisha hali hii na kisukari cha awali kwa kupima hemoglobini iliyoshikamana na sukari, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Kipimo hicho hutegemea umri wa chembe nyekundu, ambazo kwa kawaida huishi takriban siku 120. Kwa mgonjwa wa selimundu chembe hizo hufa mapema, na kipimo huweza kudanganya. Upungufu wa damu nao huweza kukipotosha. Basi kipimo kinachoaminika katika mji wa Ulaya kinahitaji tahadhari zaidi Kisumu, Siaya au Homa Bay.

4.3 Vasopresini na chumvi inayoshuka

Vasopresini hutolewa kupitia pituitari na kuziamuru figo zihifadhi maji. Baada ya kiharusi, hasa kile cha kumwagika damu, inaweza kutolewa kupita kiasi. Maji yakizidi, sodiamu huzimuliwa. Kiwango cha kawaida ni kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Kikishuka sana, maji huingia katika seli za ubongo, nazo huvimba. Mgonjwa huumwa kichwa, husinzia, huweweseka, hata hupata kifafa.

Hicho ndicho kilichompata mjomba usiku ule. Kilichodhaniwa kuwa pepo kilikuwa na namba katika karatasi ya maabara. Sodiamu iliporekebishwa polepole, kwa uangalizi, kuweweseka kulikoma.

Kwa kuwa vasopresini yenyewe ni vigumu kupimwa, watafiti hupima kopeptini, kipande kinachotolewa pamoja nayo na kudumu zaidi katika damu. Utafiti uliofanywa Basel, Uswisi, na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kopeptini iliyopanda mapema husaidia kubashiri hali ya baadaye ya mgonjwa wa kiharusi cha kuzibwa mshipa.

4.4 Homoni zinazoshuka

Si kila homoni hupanda. Homoni ya thairoidi iitwayo T3 mara nyingi hushuka, ilhali tezi yenyewe haina ugonjwa. Mwili huonekana kupunguza matumizi yake wakati wa dhiki, na kiwango cha chini huandamana na kiharusi kikali zaidi. Kwa wanaume, testosteroni nayo huweza kushuka.

Kuna kundi jingine linalohitaji kuangaliwa kwa makini. Baada ya wiki au miezi, baadhi ya wagonjwa, hasa waliomwagikwa na damu juu ya ubongo, hubaki na pituitari isiyotoa homoni za kutosha. Dalili zake ni uchovu usioisha, kupungua kwa hamu ya mambo na udhaifu wa misuli. Si kila uchovu baada ya kiharusi hutokana na homoni, kwani huzuni, dawa na jeraha lenyewe huchosha pia. Lakini nyumbani uchovu huo hupewa jina moja tu: uvivu. Mtu aliyekuwa akiamka kabla ya jua kwenda kupokea samaki huambiwa kwamba amezoea kuhudumiwa.

5.0 Namna ya Kusoma Kipimo

Mwanafunzi wa fasihi anajua kwamba neno halina maana kamili nje ya muktadha. Kipimo cha homoni ni vivyo hivyo.

Kwanza, kuna muktadha wa saa. Kotisoli iliyopimwa asubuhi haiwezi kulinganishwa na iliyopimwa usiku. Zaidi ya hayo, ubashiri wa kopeptini ulijengwa juu ya damu iliyochukuliwa mapema. Mgonjwa wa kisiwa cha Mfangano huvuka maji kwa mashua kabla ya kuikuta barabara ya kwenda Kisumu. Damu yake ikichukuliwa siku ya pili, inasimulia sura nyingine ya hadithi ile ile. Kuchelewa huku kuna gharama kubwa kuliko kipimo: dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna damu iliyomwagika.

Pili, kuna muktadha wa dawa na maradhi mengine. Mgonjwa aliyepewa deksamethasoni hukandamiza kotisoli yake mwenyewe. Maambukizi ya mapafu nayo huweza kuipandisha upya siku ya tano, wakati ambapo kiharusi chenyewe kimetulia.

Tatu, na hili ndilo jibu la swali la mke wa mjomba, kuandamana si kusababisha. Kama kotisoli ndiyo ingekuwa chanzo cha madhara yote, au kama upungufu wake ndio ungekuwa tatizo, kuirekebisha kungeponya. Dawa za jamii ya kotisoli zilijaribiwa kwa wagonjwa wa kiharusi cha kuzibwa mshipa, wala hazikuonekana kupunguza vifo. Vivyo hivyo kwa sukari: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, wenye wagonjwa zaidi ya 1,100, ulionyesha kwamba kuishusha sukari kwa nguvu kwa insulini hakukuleta nafuu kuliko udhibiti wa kawaida, bali kuliwaingiza wengi zaidi katika hatari ya sukari kushuka mno. T3 iliyoshuka nayo haitibiwi kwa desturi. Wahenga walisema mjumbe hauawi.

Hata hivyo methali hii isitupumbaze. Wako wajumbe wanaobeba silaha. Sodiamu iliyoshuka sana ni hatari yenyewe na lazima irekebishwe. Sukari iliyopanda kupita kiasi hudhibitiwa. Pituitari iliyoshindwa kutoa kotisoli inaweza kumuua mgonjwa asipopewa homoni badala. Hekima iko katika kumtambua ni mjumbe yupi.

6.0 Suala la Lugha

Jina la ugonjwa huamua mlango utakaobishwa. Mshana na wenzake, katika utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2008, waligundua jambo ambalo wengi wasingelitarajia. Katika jiji la Dar es Salaam, kiharusi kilihusishwa sana na majini na uchawi, na wengi walianzia kwa waganga wa jadi. Katika wilaya ya mashambani ya Hai, kilihusishwa zaidi na shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo, na watu walianzia hospitalini. Basi elimu ya kiharusi haifuati lami. Hufuata maelezo yanayozunguka mahali, kwa lugha inayoeleweka.

Kiswahili hakikosi zana. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990. Upungufu uko katika daraja la kati, yaani sentensi zinazoitoa istilahi kamusini na kuifikisha wodini. "Kotisoli imepanda" ni sahihi lakini haimfai mke wa mjomba. "Mwili wake umepiga mbiu kwa sababu ubongo umeumia, na sukari imepanda kuitikia mbiu hiyo, tutapima tena ikitulia" ni sentensi anayoweza kwenda nayo nyumbani.

Napendekeza tahadhari mbili. Mosi, tusitafsiri "homoni" kwa neno "dawa ya mwili", kwa kuwa jamaa watauliza inauzwa wapi. "Ujumbe wa mwili" unafaa zaidi kama maelezo, huku "homoni" ikibaki istilahi. Pili, tusiseme "sukari imepanda" bila kuongeza kwamba kupanda huko peke yake hakuthibitishi kisukari.

Jambo hili si la hisani. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Haki hizo mbili hukutana kando ya kitanda.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kiharusi hubadilisha homoni nyingi kwa pamoja: kotisoli na adrenalini hupanda, sukari huzifuata, vasopresini huweza kuzidi na kuizimua sodiamu, T3 hushuka, na pituitari huweza kudhoofika baadaye. Mengi ya mabadiliko haya ni habari za jeraha. Machache ni hatari zenyewe. Ili kuyatofautisha, twahitaji kujua saa, historia na maradhi mengine ya mgonjwa.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vilivyo karibu na hospitali vinaweza kuanza kazi moja ndogo: kuketi na wauguzi na matabibu, kuandika kwa Kiswahili sentensi ishirini ambazo jamaa za wagonjwa wa kiharusi huzihitaji zaidi, na kuzijaribu kwa jamaa wenyewe. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi.

Mjomba amerudi Dunga. Huketi kivulini na kuhesabu pesa kwa mkono wa kushoto, na ikifika adhuhuri huchoka, hulala. Nilimjibu mke wake baadaye, nikiwa nimechelewa miezi kadhaa: "Homoni hazikumpiga. Zilikuja kutuambia kwamba amepigwa." Akafikiri kidogo, kisha akaniuliza ni kwa nini hakuna aliyemwambia hivyo siku ile. Swali hilo nawaachia wasomaji wa jarida hili.